Bessie Head: Wazimu, Jembe na Taipureta

Imekuwa ada miongoni mwa wasomaji wa fasihi kuamini kwamba mtunzi bora hana budi kuwa na kiasi fulani cha wazimu. Imani hii ni kongwe. Katika jamii nyingi za Kiafrika, mwenye kipawa cha kughani au kutunga husemekana kuwa amepandwa na pepo, na lugha ya Kiswahili yenyewe huliweka neno wazimu karibu sana na neno mzimu, kana kwamba anayepotewa na akili huwa ameazimwa kwa muda na walio kuzimu. Katika mihadhara ya fasihi ya Kiafrika, jina ambalo aghalabu hutolewa kuwa kielelezo cha imani hiyo ni la Bessie Head, mwandishi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi na kufia Botswana. Mwanafunzi huambiwa kwamba Bessie alizaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwamba yeye mwenyewe alikuja kulazwa katika hospitali ya aina hiyo, na kwamba riwaya yake mashuhuri zaidi ilitokana na maradhi hayo. Yote matatu ni kweli. Linalosahauliwa ni kuuliza riwaya hiyo ilitokaje humo, na kwa kazi ya aina gani.

Bessie Amelia Emery alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 katika hospitali ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg. Jina hilo lote lilikuwa la mama yake, mwanamke Mzungu wa familia yenye mali. Baba yake alikuwa Mwafrika ambaye utambulisho wake haukupata kujulikana. Tangu mwaka wa 1927 sheria ya Afrika Kusini ilikuwa imeharamisha uhusiano wa kimapenzi nje ya ndoa baina ya Wazungu na Waafrika, kwa hivyo mtoto huyu alikuwa ushahidi wa kosa la jinai hata kabla ya kufumbua macho. Bessie alipokuwa mtu mzima aliisimulia hadithi hii kwa namna moja: kwamba mama yake alifungiwa hospitalini kwa kosa la kumpenda mtunza farasi wa nyumbani kwao. Kumbukumbu zilizochunguzwa baada ya kifo cha Bessie zinaonyesha hali yenye utata zaidi. Mama huyo alikuwa amempoteza mwanawe mdogo wa kiume katika ajali ya barabarani, ndoa yake ikavunjika, na alikuwa amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili miaka kadhaa kabla ya mimba ya Bessie. Huzuni ilitangulia, kisha ubaguzi wa rangi ukaja kuiongezea uzito. Si haki kumlaumu Bessie kwa kuisimulia hadithi hiyo kwa namna yake. Alihitaji kuamini kwamba wazimu wa mama yake ulikuwa hukumu iliyotolewa na wengine, wala si kitu kilichokuwa kikitembea katika damu.

Mtoto alikabidhiwa kwanza familia moja ya Kizungu, ambayo ilimrudisha ilipotambua kwamba hakuwa Mzungu. Baadaye akachukuliwa na Nellie na George Heathcote, watu wa tabaka lililoitwa la machotara katika utaratibu wa nchi hiyo. Nellie alimlea, naye Bessie akamwita mama bila shaka yoyote moyoni. Mama mzazi alifariki hospitalini mwaka wa 1943. Bessie alikuwa na umri wa miaka sita, akiishi katika mji uo huo, na hapakuwa na mtu aliyemweleza kwamba alikuwa amefiwa.

Mwaka wa 1950 alipelekwa katika shule ya bweni ya wasichana machotara ya St Monica's, karibu na Durban, iliyoendeshwa na Kanisa la Anglikana. Mwishoni mwa mwaka wa 1951, wanafunzi wenzake walipokuwa wakifungasha mizigo kwenda likizoni, yeye alizuiwa. Aliambiwa na wenye mamlaka kwamba Nellie hakuwa mama yake na kwamba hangerudi huko. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mmishonari mkuu wa shule alimwita akamweleza mengine: kwamba mama yake mzazi alikuwa mwendawazimu, na kwamba asipojihadhari naye ataishia huko huko. Binti wa miaka kumi na minne alipokonywa mama kwa saa moja, akapewa mwingine aliyekwisha kufa, na juu ya hayo akatabiriwa maradhi. Yeyote anayetaka kuufahamu uhusiano wa Bessie Head na wazimu hana budi kuanzia katika ofisi ile. Kabla ya wazimu kuwa ugonjwa kwake, ulikuwa neno lililotamkwa na mtu mwenye cheo, nalo likamfuata kila alikokwenda. Kila alipokasirika au kulia kupita kiasi, alikuwa na sababu ya kujiuliza iwapo utabiri ule ulikuwa umeanza kutimia.

Shule hiyo, hata hivyo, ilimpa pia vitabu na cheti cha ualimu. Alifundisha Durban kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha mwaka wa 1958 akaacha kazi na kuelekea Cape Town kuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Golden City Post. Mwaka uliofuata alikuwa Johannesburg. Alivutiwa na Robert Sobukwe na chama cha Pan Africanist Congress, na baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960 alijikuta mikononi mwa polisi. Kipindi hicho kilimvunja, akajaribu kujitoa uhai. Alirejea Cape Town, na mwaka wa 1961 akaolewa na mwandishi wa habari Harold Head. Mwana wao wa pekee alizaliwa mwaka wa 1962. Ndoa haikudumu. Katika miaka hiyo aliandika riwaya fupi, The Cardinals, ambayo haikuchapishwa hadi mwaka wa 1993, miaka saba baada ya kifo chake. Ni kazi changa, yenye hasira nyingi na mpango hafifu, na ni nadra kutajwa. Lakini kwa suala linalojadiliwa hapa ina umuhimu wake: inaonyesha kwamba kipawa kilikuwapo, na kwamba kipawa peke yake hakikutosha.

Mwezi wa Machi 1964 Bessie aliondoka Afrika Kusini kwa kibali cha kutoka bila kurudi, akiwa na mtoto mkononi, kwenda kufundisha shule ya msingi katika kijiji cha Serowe, nchini Bechuanaland, ambayo ingekuwa Botswana huru tarehe 30 Septemba 1966. Serowe ni kijiji kikubwa cha Wabamangwato na makao ya ukoo wa Khama. Aliyefika hapo alikuwa mwanamke wa mjini, mwenye rangi isiyoeleweka kwa wenyeji, asiyejua Kisetswana, ambaye hakuwa na mume karibu wala jamaa popote duniani. Kazi ya ualimu haikudumu. Alikaa kwa miezi kadhaa katika shamba la maendeleo huko Radisele, kisha akahamia Francistown, ambako aliishi kama mkimbizi aliyetakiwa kuripoti kwa polisi mara kwa mara.

Uandishi wake hasa ulianzia katika dhiki hiyo. Makala yake fupi iliyochapishwa katika jarida la New Statesman la Uingereza mwaka wa 1966 ilimfikia mhariri wa kampuni ya Simon and Schuster huko New York, ambaye alimwomba aandike riwaya. Bessie alieleza kwamba hakuwa hata na pesa za kununulia karatasi, akatumiwa dola 80. Riwaya iliyotokana na karatasi hizo ni When Rain Clouds Gather, ya mwaka wa 1968. Ni kisa cha Makhaya, mkimbizi kutoka Afrika Kusini, anayejiunga na wakulima wa kijiji cha Golema Mmidi na mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza. Msomaji anayetafuta wazimu katika kitabu hicho atautafuta hadi achoke. Atakachokuta ni maelezo ya ua wa kulinda malisho, ya tumbaku ya kuuza, ya ng'ombe wanaokufa kwa ukame na ya mtama unaofaa udongo mkavu. Bessie aliyaona mengi ya mambo haya kwa macho yake Radisele. Riwaya imejengwa juu ya maarifa yaliyokusanywa, na ni vigumu kuikuta riwaya nyingine ya Kiafrika ya wakati huo inayouheshimu udongo kwa kiwango hicho.

Kwa mapato ya kitabu hicho alijenga nyumba ndogo huko Serowe, akaiita Rain Clouds. Haikuwa na umeme. Aliandika kwa mwanga wa mishumaa, akipiga taipureta, na kila barua aliyoituma aliipiga pamoja na karatasi ya kaboni ili nakala ibaki nyumbani. Jambo hili dogo linastahili kuzingatiwa. Mtu anayehifadhi nakala za barua zake kwa miaka ishirini, katika umaskini ambamo hata karatasi ni gharama, ni mtu mwenye nidhamu.

Hata hivyo, ugonjwa ulikuja. Dalili za kwanza nzito zilimpata mwaka wa 1969, akatibiwa kwa muda mfupi. Alipopata nafuu aliandika Maru, riwaya fupi juu ya mwalimu wa kabila la Wasarwa, watu waliodharauliwa na kufanywa watumwa, ambaye anapendwa na wakuu wawili wa kijiji. Maru ilichapishwa mwaka wa 1971, lakini mwandishi hakuwa katika hali ya kuifurahia. Akili yake ilikuwa imevamiwa na sauti na watu wasioonekana. Alibandika kwenye ukuta wa posta ya Serowe tangazo lenye shutuma za kutisha dhidi ya Rais Seretse Khama, katika kijiji cha ukoo wa rais huyo. Alichukuliwa akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse, kusini mwa nchi, akakaa huko kwa takriban miezi mitatu. Mwanawe, mtoto wa miaka tisa, alilelewa na marafiki. Utabiri wa mmishonari ulikuwa umetimia, au angalau ndivyo ulivyoweza kuonekana.

Hapa ndipo wapenzi wa nadharia ya wazimu wanapopaswa kutulia na kuhesabu. Katika kilele cha ugonjwa, Bessie Head hakutunga kitu. Tangazo la posta ndiyo maandishi yanayokumbukwa ya siku zile, na halikuwa fasihi. Riwaya ya A Question of Power iliandikwa baada ya kutoka Lobatse, katika miezi mingi ya kukaa mezani, na mtu aliyekuwa amerudiwa na akili na ambaye aliamua kurejea kwa hiari mahali palipomtisha kuliko pote. Mswada ulikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kampuni ya Davis-Poynter ya London kuukubali na kuuchapisha mwaka wa 1973. Mwaka uliofuata ulitolewa katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, na kwa njia hiyo ukawafikia wasomaji wa Nairobi na Kampala.

Mhusika mkuu, Elizabeth, anaishi katika kijiji cha Motabeng na mwanawe. Usiku chumba chake hujaa watu: Sello, mwenye joho la mtawa, Medusa anayemdhihaki kwa kutokuwa Mwafrika kamili, na Dan, anayemtesa kwa maonyesho ya uchafu. Riwaya ina sehemu mbili, zenye majina ya Sello na Dan, nazo zimepangwa hivi kwamba mateso ya usiku yanakatizwa na kazi za mchana. Mpangilio huu si wa mtu anayeweweseka. Mgonjwa hajui usiku wake utakwisha lini, ilhali mwandishi wa kitabu hiki alijua ni ukurasa gani hasa ambapo jua lingechomoza na Elizabeth aende bustanini. Wanafunzi wengi hukilalamikia kitabu hiki kuwa kigumu, na malalamiko hayo yana msingi. Kuna kurasa ambamo mwandishi anadai mengi mno kutoka kwa msomaji, na sehemu ya Dan ingeweza kupunguzwa bila hasara. Lakini ugumu si sawa na mparaganyiko.

Bustani hiyo haikuwa ya kubuni. Huko Serowe kulikuwa na mradi wa ushirika uitwao Boiteko, mmoja wa miradi iliyohusiana na Patrick van Rensburg, mwalimu kutoka Afrika Kusini aliyeanzisha shule ya Swaneng Hill mwaka wa 1963. Bessie alifanya kazi katika bustani ya mradi huo bega kwa bega na wanawake wa kijiji. Walipanda mboga, na pia matunda madogo ya manjano yanayojificha ndani ya ganda jembamba kama karatasi, ambayo waliyapika wakayafanya jemu ya kuuza. Katika riwaya, Elizabeth anashirikiana na Kenosi, mwanamke wa maneno machache ambaye humngojea kazini hata baada ya kusikia kwamba alikuwa hospitalini. Ni urafiki unaosimama juu ya jembe na mitungi ya jemu, usiohitaji maelezo mengi. Kitabu kinapofika mwisho, kinachomrudisha Elizabeth duniani ni ardhi anayoilima na watu wanaomhesabu kuwa mmoja wao.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kuikumbuka Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1974, mwaka mmoja tu baadaye. Kazimoto naye anaelemewa na akili yake mwenyewe, lakini mwandishi hampi bustani, na msomi huyo anaishia kujiua. Riwaya hizi mbili zilizaliwa bila kujuana. Hata hivyo, kuna sadfa ya kupendeza katika historia: Kezilahabi alikuja kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Botswana, nchi ambayo Bessie alikuwa ameigeuza kuwa kwao kwa uchungu.

Mgala muue na haki yake mpe. Haitakuwa kweli kudai kwamba ugonjwa haukumpa Bessie Head chochote. Bila usiku ule wa Serowe, A Question of Power isingekuwapo, na hakuna bidii ambayo ingeibuni kutoka kitabuni. Ugonjwa ulimpa malighafi. Aidha, ulimpa swali ambalo waandishi wengi wa kisiasa wa kizazi chake walilikwepa, yaani jinsi uovu wa madaraka unavyoweza kukaa ndani ya nafsi ya yule anayeonewa. Lakini malighafi hiyo hiyo iliwaangukia wagonjwa wengine wa Lobatse, na mama yake kabla yao, nao hawakuacha kitabu. Na bei aliyolipa ilikuwa kubwa mno: marafiki aliowatukana na kuwapoteza, mtoto aliyeogopeshwa, na miezi ambayo taipureta ilikaa kimya.

Ushahidi mzito zaidi ni wa miaka iliyofuata. Tangu mwaka wa 1973 Bessie alizunguka kijijini akiwahoji wazee, wafinyanzi, walimu, wajenzi na wakulima, karibu watu mia moja. Kwa kuwa Kisetswana chake kilikuwa kidogo, alitegemea wakalimani, na kila mahojiano yalibidi kusikilizwa, kutafsiriwa, kuandikwa na kuhaririwa. Matokeo yake ni Serowe: Village of the Rain Wind, historia ya kijiji tangu enzi za Khama III, ambayo ilingoja hadi mwaka wa 1981 kuchapishwa. Masimulizi aliyoyasikia katika kazi hiyo ndiyo yaliyozaa hadithi kumi na tatu za The Collector of Treasures, za mwaka wa 1977. Hadithi hizi ni tulivu na zina sauti ya msimulizi wa kijijini, hata pale zinaposimulia mke aliyemuua mumewe. Wanaomtaja Bessie Head kuwa mwandishi wa wazimu huzipita haraka. Yamkini ni kwa sababu ukimya wa mtu anayesikiliza hauvutii kama kelele za mtu anayeugua.

Maombi yake ya uraia yalikataliwa mwaka wa 1977, na hatimaye alikubaliwa mwaka wa 1979, baada ya miaka kumi na mitano ya kuishi bila nchi. Alialikwa Marekani, Ujerumani, Denmark, Nigeria na Australia. Mwaka wa 1984 ilitoka A Bewitched Crossroad, riwaya ya kihistoria iliyomgharimu utafiti wa miaka mingi na ambayo ilipata wasomaji wachache. Pesa hazikutosha kamwe. Katika miaka ya mwisho alikunywa pombe kupita kiasi, na ini likaathirika. Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili 1986, akiwa na umri wa miaka 48, kwa ugonjwa wa homa ya ini. Alikuwa amekubaliana na wachapishaji kuandika tawasifu yake, na hakufika mbali.

Mwaka wa 2003 serikali ya Afrika Kusini ilimtunuku nishani ya Ikhamanga, na mwaka wa 2007 maktaba kuu ya umma ya Pietermaritzburg, mji aliozaliwa, ilipewa jina lake. Karatasi zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Khama III huko Serowe. Miongoni mwazo zimo nakala za kaboni za barua alizozipiga usiku katika nyumba ya Rain Clouds, zikiwa na tarehe zake, moja baada ya nyingine.